Samaki Wamekufa Usiku Mmoja: Kabla ya Dawa, Soma Bwawa

Somo la leo nimelichelewesha, na simu nilizopokea msimu huu zimenifanya nione aibu. Simu zenyewe zinafanana. Saa kumi na mbili asubuhi, sauti inatetemeka: "Bwana samaki, samaki wote wameelea." Na swali linalofuata ni lile lile: "Niweke dawa gani?"

Hapo ndipo pesa ya kijana inapoanza kupotea mara ya pili.

Niseme mapema ninachokiona nikizunguka mabonde ya Mbinga na kushuka hadi kule Nyasa. Samaki wengi wakifa kwa usiku mmoja au kwa saa chache, mara nyingi hawakuugua. Wamekosa hewa, au maji yameingiwa na sumu. Ugonjwa wa kuambukiza una mwendo wake: leo wawili, kesho watano, keshokutwa kumi na mmoja, na kabla ya hapo wameanza kuacha chakula. Usipotofautisha mambo haya matatu utanunua dawa, utaimwaga bwawani, na mwezi ujao utaokota tena.

Mabwawa mawili, bonde moja

Kuna vijana wawili ninaowafahamu, mabwawa yao yako bonde moja lenye kahawa kila upande. Majina nayaacha, wenyewe watajijua.

Bwawa la kwanza ni la mita za mraba 200. Mwenyewe alikuwa na perege kama 800 wa miezi mitano, na kambare wachache aliowachanganya ili wapunguze vifaranga wanaozaliwa hovyo. Kwa siku tatu mfululizo kulikuwa na mawingu na manyunyu. Siku ya nne alfajiri perege walikuwa juu ya maji, midomo nje, wanahema. Kufikia saa moja asubuhi wakubwa walishakufa, midomo wazi na mashavu yamepanuka. Wadogo wengi walikuwa bado hai. Na kambare? Wazima kabisa. Wanapanda, wanavuta hewa, wanashuka zao.

Nilipofika, dawa ilishaingia. Kuna jirani alimwambia ile antibayotiki ya kuku inafanya kazi hata kwa samaki, akanunua pakiti mbili akamwaga. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, wiki iliyopita uliweka nini humu?" Akasema matoroli mawili ya samadi ya nguruwe, maana aliona maji hayajawa kijani vya kutosha. Maji yenyewe yalikuwa kama supu, na sasa yamegeuka rangi ya chai yenye mapovu pembeni.

Bwawa la pili liko chini yake kidogo. Wiki kama mbili baadaye nikapigiwa tena, safari hii saa tatu asubuhi, jua linawaka. Perege wakubwa wamekufa, wadogo wamekufa, kambare nao wamekufa. Mwenyewe aliwakuta wengine wakiwa hai bado, wanaogelea kama vichaa, wanajirusha, wanazunguka, kisha wanalala ubavu. Niliangalia mfereji unaoingiza maji: viluwiluwi wamelala chini weupe, na kaa wa mtoni wawili wamegeuka miguu juu. Tukaufuata mfereji kupanda mlima. Hatukwenda mbali. Mtu alikuwa amemaliza kupulizia kahawa dawa ya wadudu, akaliosha bomba la mgongoni palepale kwenye mfereji. Kopo lilikuwa kwenye majani, na kibandiko kilikuwa na alama ya samaki aliyekufa. Alama hiyo haipo pale kwa urembo.

Bonde lile lile, wiki mbili, vifo viwili visivyohusiana. Kama wote wawili wangemwaga dawa ya kuku, wote wawili wangekuwa wamekosea.

Kambare ni shahidi wako

Watu wengi wanafuga kambare na perege pamoja bila kujua kwamba wameweka kipimo bwawani. Kambare ana kiungo cha ziada nyuma ya mashavu kinachomwezesha kupumua hewa ya juu. Oksijeni ikiisha majini, perege anakufa na kambare anaishi. Kwa hiyo ukikuta perege wamekufa alfajiri na kambare wako hai, fikiria kwanza hewa. Ukikuta na kambare wamekufa, tena mchana kweupe, fikiria kwanza sumu.

Angalia pia ukubwa. Kwenye ukosefu wa hewa wakubwa hutangulia. Mkubwa anahitaji hewa nyingi, na mdogo anaweza kujibanza kwenye tabaka jembamba la juu ambako hewa kidogo ipo. Sumu haichagui hivyo. Ikichagua, huanza na wadogo.

Halafu tazama viumbe wasio samaki, hapa ndipo wengi hawaangalii. Wale wanaofuga uduvi wa maji baridi kwenye matenki ya kioo kwa ajili ya mapambo wanalijua hili kuliko sisi wa mabwawa: dawa ya samaki yenye kopa inaweza kumwacha samaki anaogelea na kuua kila uduvi ndani ya tenki. Ukipuliza dawa ya mbu chumbani tenki likiwa wazi, uduvi wanakwenda. Jamii ya kamba, kaa na wadudu wa majini huhisi kopa na viuatilifu vingi mapema sana. Kwa hiyo kwenye bwawa lako na mfereji wako, kaa, uduvi na wadudu ni kengele. Wamekufa wote? Sumu. Wale mende wa maji wanaopanda juu kuvuta hewa bado wanacheza huku perege wameelea? Hewa.

Kwa nini alfajiri

Mwani, yaani ule ukijani wa maji, mchana unatengeneza oksijeni kwa msaada wa jua. Usiku hautengenezi, unatumia. Samaki nao wanatumia, na tope na samadi vinavyooza vinatumia zaidi. Kwa hiyo oksijeni huwa juu kabisa alasiri na chini kabisa muda mfupi kabla jua halijachomoza. Ukipata siku tatu za mawingu, mchana hakijawekwa akiba ya kutosha, na usiku matumizi ni yale yale. Mwani wenyewe ukifa kwa mkupuo, maji hubadilika ghafla kutoka kijani kwenda kahawia, na kuoza kwake kunamaliza kilichobaki.

Perege ni mvumilivu, anaweza kuhimili oksijeni ndogo sana kwa muda mfupi. Lakini kwa ukuaji mzuri tunataka isishuke chini ya miligramu 3 kwa lita, na ikiwa 5 au zaidi ndiyo raha. Huna kipimo? Tumbukiza mkono ulionyooka mpaka kiwiko. Kama viganja vinapotea kabla kiwiko hakijagusa maji, ukijani umezidi. Usiweke samadi, punguza chakula, ongeza maji mapya.

Ukiwakuta wanahema, huo si muda wa kutafuta duka la dawa. Fungua maji yaingie kwa kuanguka kutoka juu, siyo kwa kutambaa. Mianzi iliyotobolewa matundu inafaa sana, na mianzi tunayo. Kama una pampu, vuta maji ya bwawani uyarudishe kwa kuyarusha hewani. Kama huna, vijana wanne wenye ndoo wanachota na kumwaga kutoka kimo cha kichwa. Inachosha, lakini imeokoa mabwawa. Toa maji ya chini, siyo ya juu. Usilishe siku hiyo. Na usikanyage tope, maana utaamsha vitu vinavyokula hewa iliyobaki.

Kilicho juu yako kitakushukia

Mbinga ni nchi ya kahawa na ngoro, na mabwawa yetu tumeyachimba mabondeni kwa sababu ndiko maji yaliko. Maana yake kila kitu kinachofanyika mlimani ni habari yako.

Tuanze na kopa. Wakulima wetu wanapulizia kopa, za bluu na nyekundu, kuzuia kutu ya majani na chulebuni. Siwalaumu, kahawa ndiyo ada za shule. Lakini kopa ni hatari zaidi kwenye maji laini, yenye madini machache, na maji mengi ya chemchemi za milimani ni ya namna hiyo. Katika ufugaji wa samaki mrututu hutumiwa wakati mwingine kuua mwani na vimelea, na kanuni inayofundishwa ni kwamba maji yenye ukali-besi chini ya miligramu 50 kwa lita yasitiwe kabisa. Sasa fikiria yule mtu anayetoka dukani na mrututu, hajapima chochote, anamwaga kwa macho. Kopa huunguza mashavu. Samaki anatoa ute mwingi, anakaa kwenye mlango wa maji, anahema kana kwamba hewa haipo, na kifo kinaweza kuchukua siku moja au mbili. Usilichanganye na ugonjwa.

Mwenye kahawa akipanda aina mpya za TaCRI zinazohimili chulebuni na kutu anapunguza upuliziaji, na wewe mwenye bwawa unapona pia. Kituo chao kidogo kipo hapo Ugano, siyo mbali. Ni sababu nzuri ya kumpelekea jirani habari badala ya kumpelekea ugomvi.

Pili, maji ya kumenyea kahawa. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa mitambo inafanya kazi, na maji yanayotoka yana maganda, sukari na ule ute wa punje. Si sumu ya dukani, lakini yanachacha na kuwa na tindikali, na yakiingia mtoni bakteria wanayashambulia na kumaliza oksijeni yote. Dalili yake iko wazi: maji rangi ya kahawia, harufu ya pombe iliyoharibika, na utando wa kijivu kama nyuzi kwenye mawe ya mfereji. Msimu huo funga mlango wa maji usiku na ufungue baada ya kuangalia mfereji kwa macho na pua. Kijiji chenye mtambo kinatakiwa kiwe na mashimo ya kutuamishia hayo maji kabla hayajaenda mtoni. Kama hakina, peleka hoja kwenye mkutano wa kijiji mapema, kabla ya mavuno.

Tatu ni utupa. Hili nalisema kwa tahadhari kwa sababu wengi tunaupanda. Ni dawa nzuri ya asili ya wadudu wa mboga na wa ghalani, na hata fuko hawaupendi. Lakini wazee wetu waliutumia kuvulia samaki, na haukufanya kazi kwa bahati. Majani yake yana kemikali za kundi la rotenoni ambazo humzuia samaki kutumia oksijeni mwilini hata kama majini ipo tele. Kwa hiyo utaona samaki wanahema juu kama wamekosa hewa, lakini ni mchana, jua lipo, maji safi. Kambare huvumilia utupa kuliko perege, na hapo shahidi wako anaweza kukudanganya. Tazama saa na rangi ya maji, kisha zunguka kingo. Kama umeupanda juu ya bwawa, ung'oe, maana majani yanadondoka na mvua inakokota. Kama haukuwepo na unakuta majani yaliyopondwa kwenye mlango wa maji, basi kuna mtu amekuja usiku, na hilo ni la serikali ya kijiji na polisi. Kuvua kwa sumu ni kosa chini ya Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003.

Chokaa nigusie tu. Chokaa ya kilimo haina shida, kilo 10 hadi 20 kwa mita za mraba 100 kwenye bwawa lenye udongo wa tindikali. Chokaa ya kupaka nyumba au ile inayochemka ukiitia maji, usiiweke samaki wakiwa ndani. Inapandisha pH kwa muda mfupi hadi kuwaunguza, na pH ikipanda amonia iliyomo majini inageuka kali zaidi. Nimeshaona bwawa lililouawa na mwenyewe akidhani analisafisha.

Sasa ugonjwa wenyewe

Ukishaondoa hewa na sumu, ndipo tuzungumze ugonjwa. Na hapa kinachotofautisha Litembo na Liuli ni joto.

Kule juu, mwezi wa sita na wa saba, maji yanapoa. Perege hupenda nyuzi 25 hadi 30. Yakishuka chini ya 20 ukuaji unadorora, na yakikaribia 16 anaacha kula. Samaki aliyepoa kinga yake nayo imelala. Ukimvua, ukamhesabu, ukamkwaruza magamba, baada ya siku chache utaona kitu cheupe kama pamba kwenye kidonda. Huo ni ukungu, na karibu kila mara umefuata jeraha au baridi, haukuanza wenyewe. Kwa hiyo kazi ya kupanga samaki kwa ukubwa maliza kabla ya baridi. Ukilazimika kumshika, tumia wavu laini, na umwogeshe kwenye maji ya chumvi gramu 10 kwa lita kwa dakika 10 hadi 20 huku ukimwangalia. Akianza kulala ubavu, mtoe mara moja.

Kule chini, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi, ziwa liko chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari na maji ya bwawa yana joto. Huko shida ni bakteria. Kuna streptokokasi: samaki mkubwa, aliyekaribia kuuzwa, anaogelea kwa kuzunguka kama pia, macho yametoka nje au yana ukungu, anakufa mmoja mmoja wakati wa joto. Kuna eromonasi: madoa mekundu, vidonda, magamba yamesimama, tumbo limejaa maji, na mara nyingi imekuja baada ya msongamano, maji machafu au usafirishaji mbaya. Samaki anayejikwaruza kwenye kingo na nyasi, mkague ngozi na mashavu. Chawa wa samaki na minyoo-nanga utawaona kwa macho, lakini wale vimelea wadogo wa kwenye mashavu wanahitaji hadubini.

Kuna moja nataka mlitazame kwa makini. Mwaka 2006 na 2007 mto Zambezi ulipata ugonjwa wa vidonda unaosababishwa na kiumbe kama ukungu kiitwacho Afanomisesi. Ilikuwa mara ya kwanza kuthibitishwa Afrika. Vidonda vyake ni virefu, vinakula nyama hadi ndani, na kambare ni miongoni mwa wanaoathirika. Maji ya Ziwa Nyasa hutoka kwa mto Shire na kuishia Zambezi. Sisemi ugonjwa umepanda mpaka kwetu. Nasema ukiona kambare wa aina hiyo, wa bwawani au wa ziwani, usimtupe wala usimkaushe, toa taarifa.

Namna ya kumpasua bila kujidanganya

Samaki aliyekufa tangu usiku hakwambii kitu. Mashavu yake yanapauka, tumbo linavimba, na ukimpasua kila kiungo kinaonekana kibovu. Mchukue anayekufa, ambaye bado anapumua.

Funua mashavu kwanza. Mekundu angavu ni ya kawaida. Yaliyopauka, ana upungufu wa damu, tafuta vimelea. Yenye rangi ya chokoleti, fikiria nitriti: imeharibu damu isibebe hewa, na hutokea sana kwenye matenki na mabwawa yaliyolishwa kupita kiasi. Yenye ute mzito na yaliyovimba, fikiria kopa, amonia au vimelea. Kisha mpasue kuanzia tundu la haja hadi kifuani. Tumbo lina maji? Ini lina madoa? Utumbo una chakula? Samaki aliyekufa na tumbo limejaa chakula alikuwa mzima jana, na kilichomuua kilikuja haraka. Samaki mwenye utumbo mtupu na mgongo mwembamba ameanza kuugua siku nyingi, hukumwona tu. Kipimo hiki cha tumbo nakipenda kuliko vyote, hakihitaji hata shilingi.

Ukiamua kupeleka sampuli, peleka samaki watano hadi kumi wenye dalili, wakiwa hai kwenye mfuko wa maji na hewa, au waliokufa sasa hivi wakiwa kwenye barafu. Barafu, siyo friza. Samaki aliyegandishwa anaharibika kwa vipimo vingi. Wafike ndani ya saa 24. Maji jaza chupa safi ya lita moja mpaka juu bila kuacha hewa. Kama unashuku kiuatilifu tumia chupa ya kioo, ifunike isipate mwanga, iweke kwenye baridi, na uichote mapema. Mfereji unaotiririka husafisha ushahidi ndani ya saa chache, kwa hiyo chota maji kwanza ndipo unipigie mimi. Anza na ofisi ya uvuvi ya halmashauri yako. Wao ndio watakaoelekeza sampuli iende kwenye maabara ya TVLA, au SUA Morogoro, au kwa wenzetu wa TAFIRI.

Kuhusu antibayotiki nitasema kidogo maana najua mtaendelea kuulizana. Haitibu hewa, haitibu sumu, haitibu virusi. Kwa bakteria hutolewa kwenye chakula kwa maelekezo ya daktari wa mifugo baada ya vipimo, na kuna siku za kusubiri kabla ya kuuza. Kuimwaga bwawani ni kulisha tope.

Na wale waliokufa msiwauze, jamani. Najua hasara inauma, najua soko la jioni lipo karibu. Kama ni kiuatilifu unampelekea sumu mtoto wa mwenzako. Usiwape nguruwe wala mbwa, usiwatupe mtoni. Chimba shimo lenye kina cha zaidi ya mita moja, mbali na maji, nyunyiza chokaa, fukia.

Vifaranga wanatoka wapi

Hapa ndipo naona hatari kubwa zaidi kwa miaka inayokuja. Kijana anataka samaki wakue haraka, anasikia vifaranga wa sato wa Ziwa Victoria ni wazuri, anaagiza wasafiri kwa basi usiku kucha. Anayepokea mfuko haoni kilichomo kwenye maji. Virusi vya perege vinavyoitwa TiLV vilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2014 kutokana na vifo nchini Israel. Mwaka 2017 FAO ikatoa tahadhari kwa dunia nzima. Mwaka 2018 watafiti wakachapisha kwamba wamekuta virusi hivyo kwa sato wa Ziwa Victoria, upande wa Tanzania na wa Uganda. Havimdhuru binadamu, lakini vinaweza kufagia vifaranga na samaki wachanga, na samaki anaweza kuvibeba bila kuonekana mgonjwa. Dawa hakuna.

Sato wa Victoria si mwenyeji wa Ziwa Nyasa. Ziwa letu lina mamia ya aina za samaki ambao hawapo popote pengine duniani, wakiwemo wale mbuna wa miambani wanaonunuliwa na wenye matenki ya mapambo Ulaya na Marekani. Bwawa la Mbinga likipasuka kwa mvua, samaki wako anaingia kijito, kijito kinaingia Ruhuhu au mto mwingine, na mto unaingia ziwani. Kabla hujaagiza, uliza ofisi ya uvuvi aina gani inaruhusiwa bonde hili. Nunua kituo kinachojulikana, kama Ruhila pale Songea. Na ukishanunua watenge wiki mbili hadi tatu kwenye bwawa dogo ambalo maji yake hayatiririki kwenda kwa wengine.

Kurudisha samaki baada ya hasara

Yule wa bwawa la kwanza alipunguza samaki, akahamisha banda la nguruwe lisiwe juu ya bwawa, akafunga mianzi. Samadi anaweka kidogo kidogo, na siku za mawingu haweki kabisa. Wa bwawa la pili alizungumza na jirani yake mbele ya mwenyekiti wa kitongoji, wakakubaliana bomba lioshewe shambani kwenye shimo, mbali na mfereji, na siku ya kupulizia anapewa taarifa ili afunge maji. Halikuandikwa popote, lakini mpaka leo linashika.

Kama ilikuwa ugonjwa, kausha bwawa mpaka udongo upasuke, mwaga chokaa hai kilo 10 hadi 15 kwa mita za mraba 100 bwawa likiwa tupu, jaza maji, subiri wiki mbili. Kama ilikuwa sumu, toa maji yote na ujaze upya walau mara mbili.

Kisha usiweke samaki wote. Tengeneza kizimba kidogo cha wavu, kiweke bwawani, tia vifaranga kumi na uwaangalie siku tatu. Wavu uwe wa uvuvi au wa kitalu cha miche. Usitumie chandarua cha kulalia. Kile chandarua cha msaada kina dawa ya kuua mbu ya kundi lile lile lililoua bwawa la pili, na utawaua vifaranga wako kwa mkono wako halafu unipigie simu kwamba maji bado yana sumu. Limenitokea hilo, tena na mfugaji mzuri tu, na tulipoteza wiki nzima tukitafuta sumu mlimani. Wakiishi siku tatu wanakula vizuri, leta wengine.